Kanzu Iliyokwama Mashineni, Kuze

Wanangu mnaotengeneza mashine za kufulia siku hizi, nawaona na nawapenda, lakini mna haraka kama watu waliosikia wali umeiva. Juzi mmoja wenu alikuja kwa jirani yangu, mlango wa mashine haufunguki. Akatoa simu, akatazama mtu wa nchi za mbali akitengeneza mashine nyingine kabisa, kisha akashika bisibisi akaanza kuuchokora mlango kama anayetoa nyama ya dafu.

Nikamwuliza, "Mwanangu, plagi umeichomoa?"

Akanitazama kama nimemwuliza kama amevaa suruali. Plagi ilikuwa ukutani. Nikamwambia aichomoe, aketi, anywe kahawa. Kikombe hakijafika nusu, mlango ukalia *tak*, ukafunguka wenyewe.

"Bibi, umeusomea dua?" akaniuliza.

Nikamwambia dua ninazo, lakini ile haikuwa mojawapo.

Basi sikilizeni. Ndani ya kitasa cha mlango wa mashine mna kibati kidogo, aina mbili za chuma zilizobanwa pamoja. Stima ikipita kinapata moto, kinapinda, kinasukuma pini, mlango unajifunga ili maji yasije yakakumwagikia miguuni. Ukizima mashine, kibati kile hakina habari kwamba wewe una haraka. Kinataka kupoa kwanza. Kikipoa kinanyooka, pini inarudi, ndipo unasikia ile *tak*. Mwenye kungoja huvuta mlango kwa kidole kimoja. Asiyengoja huvuta mpaka akabaki na kishikio mkononi. Namkumbuka karani mmoja wa bandarini, mtu wa heshima zake, aliyeweka mguu kwenye mashine ili apate nguvu ya kuvuta. Kishikio kilikatika, akarudi kinyumenyume akaketi ndani ya beseni la bluu ya nguo. Nilipofika alikuwa amesimama ukutani, hataki kunigeukia.

Mimi sikuzaliwa fundi. Nilitoka Rabai nikiwa msichana, nikapata kazi ya kufagia na kupokea wateja katika duka la Bwana Taibali, nyuma ya Digo Road, Mombasa. Ilikuwa miaka ya tisini, na mashine za kufulia zilikuwa zimeanza kuingia Mji wa Kale, nyingi zikiletwa na vijana waliokwenda kufanya kazi Uarabuni. Mwana akiona haya kwamba hayupo nyumbani, alituma mashine. Lakini nyumba zile zilikuwa za wanawake mchana kutwa, waume wako kazini au ng'ambo, na mama wa watu hakutaka mwanamume asiyemjua apande ngazi mpaka anapoanika nguo zake za ndani. Wateja wakawa wanakuja dukani wananiambia mimi ugonjwa wa mashine, na wakitaka nije mimi, mwenye ufagio.

Fundi mkuu alikuwa Hamisi, mtu mnene, mpole, mwenye sauti ambayo angeweza kumwita mtu aliye Likoni bila kupanda feri. Siku moja akaniambia, "Kadzo, weka ufagio chini. Hawa wamekwisha kukuchagua." Akaanza kunifundisha. Alinifunga macho kwa kitambaa chenye grisi, akawasha mashine, akaniuliza kila sauti ni ya nini.

"Hii?"

"Valvu ya maji."

"Na hii?"

"Pampu."

"Na hii je?"

"Hilo ni tumbo lako, Fundi."

Alicheka mpaka akaegemea mashine ikasogea. Lakini somo liliingia. Masikio yangu yalijifunza kazi kabla ya mikono yangu. Huko Rabai mama yangu aliambiwa na majirani kwamba binti yake anafua nguo za watu kwa stima, naye akawajibu kwamba bora stima, maana kwa mkono nilikuwa mvivu.

Sasa niwape kisa cha mtaa wa Kuze, ambacho ndicho kilichonifanya nijione fundi.

Ilikuwa asubuhi, duka ndiyo kwanza limefunguliwa. Akaingia mwanamke kijana, buibui limekaa upande, mguuni ndara mbili zisizofanana. Alikuwa anahema.

"Fundi," akasema, "mashine imemla babamkwe wangu!"

Fundi Hamisi akaangusha koleo.

"Kanzu yake," akasema yule mwanamke. "Kanzu ya marehemu. Imefungiwa ndani, na mamangu mkwe amesema haitoki ikiwa imefuliwa ila na yeye atoke roho."

Tukamketisha, tukampa maji. Jina lake Swafiya. Aliolewa nyumba moja ya Kuze, mumewe yuko Dubai, na ndiye aliyeituma mashine ile. Nyumbani amebaki yeye, mwanawe anayetambaa, na mamamkwe wake Bi Rukia, aliyefiwa na mumewe majuma machache tu nyuma. Marehemu alikuwa mpika haluwa. Maisha yake yote alisimama juu ya sufuria akisonga kwa mwiko mrefu kama kasia, na kila alichovaa kilinukia samli, iliki na moshi wa kuni. Nguo zake zilikwisha kutolewa sadaka, ila kanzu moja tu. Hiyo Bi Rukia aliiweka chini ya mto wake, haijafuliwa, kama alivyoivua mwenyewe.

"Na wewe ukaitia mashineni?" Fundi Hamisi akamwuliza, taratibu.

"Sisimizi, Fundi! Kanzu ya mpika haluwa! Sisimizi wamepanga mstari kutoka dirishani mpaka kwenye mto wa kulalia wa mamangu. Usiku wanamuuma, asubuhi anajikuna, nikimwambia anasema ni joto. Nikadhani namfanyia wema. Nikaitoa alipokwenda kutawadha."

Hapo wanangu nisiwafiche, Fundi Hamisi alijiuma mdomo na mimi nikatazama dari. Lakini macho ya yule mwanamke yalikuwa mekundu, na kicheko kikarudi kilikotoka.

Kilichotokea ni hiki. Mifereji ya bomba ya Kuze ilikuwa mikavu, kama ilivyokuwa mara nyingi siku zile, maji yakija saa yanayotaka yenyewe. Swafiya alitia mashineni shuka za mtoto zilizokuwa zimelowekwa, akaweka kanzu juu yake, akafunga mlango, akawasha, kisha akaanza kumimina maji kwa jagi kupitia kile kijisanduku cha sabuni. Jagi la kwanza lilipoisha akasikia ukelele kutoka chumbani. Bi Rukia ameinua mto. Swafiya akachomoa plagi, akauvuta mlango papo hapo kwa nguvu zake zote, na kishikio kikalegea kama jino la mtoto.

Tukaenda, mimi nimejitanda leso, Fundi Hamisi mbele na mfuko wa vifaa. Tulipofika mlangoni akasimama. Bi Rukia alikuwa edani, na mjane aliye edani hakai na mwanamume wa nje. Fundi akanitazama, akanikabidhi bisibisi na kurunzi yake.

"Panda wewe," akasema. "Mimi nipo hapa barazani. Kwama popote, niite."

Hakuhitaji kusema hivyo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kazini peke yangu, nami nilikuwa nimekwisha kukwama kwenye kizingiti.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu."

Bi Rukia alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ameketi juu ya mkeka mbele ya mashine, uso karibu na kioo. Alikuwa ameacha kofia aliyokuwa anaidarizi, sindano imechomekwa ukingoni. Nikamwamkia, akaniitikia vizuri, lakini macho hayakutoka kwenye kioo. Ndani mkono wa kanzu ulikuwa umeshikamana na kioo, mweupe, umekunjika kidogo kama mtu aliyeegemea dirisha. Chini yake shuka zilikuwa zimelowa chepechepe, na nikaona ulowevu umekwisha kushika upindo wa kanzu na unapanda. Kitambaa cha pamba ni kama utambi, hunywa maji kwa subira.

"Unaona?" Bi Rukia akaniambia. "Yapanda. Nimekaa hapa nayatazama yapanda."

Swafiya alisimama mlangoni mwa chumba na mtoto kiunoni. Hakuthubutu kuingia. Bi Rukia hakumtazama. Akaniambia mimi, kwa sauti ya kusikika, "Ningelifunga mizigo yangu leo hii nikaenda kwa ndugu yangu. Sheria ndiyo iliyoniweka. Eda ikisha, hapa hanioni."

Kisha akasema, "Ndoo, mwanangu."

Mimi mtu wa Rabai, mgeni, nina hofu. Nikasimama nikaenda nikamletea ndoo.

Bi Rukia akaitazama ndoo, akanitazama mimi. Kwa watu wa Mvita *ndoo* ni *njoo*. Mara ya kwanza tangu niingie nikaona ukingo wa mdomo wake ukicheza.

"Nimekwita uketi karibu," akasema. "Lakini haya, iwepo na ndoo."

Nikapiga magoti. Jambo la kwanza, wanangu, kabla hamjagusa mlango wowote, mulikeni kwa kurunzi mwone maji yamefika wapi. Yakiwa juu ya ukingo wa mlango, toeni maji kwanza kwa mpira wa chini, la sivyo mtaogesha nyumba nzima. Haya yalikuwa kidogo tu, chini kabisa ndani ya pipa la mashine. Jambo la pili nikauliza, "Swafiya, ulipochomoa plagi, ulisikia *tak*?"

"Sikusikia kitu. Mama alikuwa anapiga kelele."

"Mimi sikupiga kelele," Bi Rukia akamwambia mtoto.

Basi sikujua kama nina ugonjwa mmoja au miwili. Kishikio kimevunjika, hilo naliona. Lakini je, pini ya kitasa imerudi, au imeganda? Hewa ya chumvi ya mji wetu hula chuma kilicho ndani ya nyumba kama kilicho nje. Njia rahisi ni kufungua kifuniko cha juu, kupitisha mkono kwa ndani na kukiachia kitasa kwa kidole. Nikainua macho. Juu ya mashine palikuwa na meza ya saruji.

Kutoka kichochoroni sauti ikapanda, nadhani mpaka Makadara waliisikia. "KADZO! TOA KIFUNIKO CHA JUU!"

Nikaenda dirishani. "Hakitoki, Fundi! Wamejengea saruji juu yake!"

"NANI AMEJENGA?"

"Mwanangu," Bi Rukia akasema, "alitaka mahali pa kuweka mapipa ya maji. Mwambie huyo mwanamume apunguze sauti. Marehemu alikaa na mimi umri mzima, hakupata kupiga ukelele kama huo."

Nikalifikisha neno, nikilipunguza makali njiani. Lakini barazani Fundi Hamisi hakuwa peke yake tena. Nilipochungulia niliona wazee wamekusanyika, na muuza mabuyu ameweka sinia lake chini. Mmoja akasema kioo kivunjwe. Mwingine akasema mashine za Uarabuni hazitaki kulazimishwa, zisomewe. Wa tatu akauliza ni nani aliyeliwa.

"Akivunja kioo," Bi Rukia akasema, "vigae vitaikata kanzu."

Nikarudi kupiga magoti. Nikakumbuka maneno ya Fundi Hamisi, kwamba mlango uliokwama kila mtu anauvuta, na pini iliyobanwa ikivutwa inazidi kubanwa. Nikaweka goti langu mlangoni na bega juu yake, nikasukuma kwa ndani. Polepole. Nikashikilia hapo. Nikagonga pembeni ya kitasa kwa kitako cha bisibisi, kidogo kidogo, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kumwamsha mtoto.

*Tak.*

Ilikuwa sauti ndogo mno. Bi Rukia akanishika mkono. "Ni nini hiyo?"

"Pini imerudi, Mama. Ugonjwa mmoja umepona."

"KADZO! UMESIKIA TAK?"

"Nimesikia, Fundi!"

"Amesikia tak," nikasikia akiwaeleza wazee, na wao wakaambizana mpaka mwisho wa kichochoro.

Ukabaki wa pili. Kishikio kinapovunjika, ile ndoano iliyo kwenye mlango inabaki imeuma ndani ya kitasa, hakuna cha kuitegua. Dawa yake ni uzi mwembamba usiokatika. Unaupitisha katika mwanya kati ya mlango na mwili wa mashine, upande wa ndoano, mpaka uikumbatie kwa nyuma. Kisha unavuta ncha zote mbili kuelekea upande wa bawaba. Uzi unaisukuma ndoano, ndoano inateguka. Nyuzi za kofia nilizijaribu, zikakatika mbili mfululizo. Nilihitaji mshipi wa kuvulia, na mshipi ulikuwa katika mfuko wa Fundi Hamisi.

"Kikapu," Swafiya akasema kwa sauti ndogo. Lilikuwa neno lake la kwanza baada ya muda mrefu.

Nyumba zile kila moja ilikuwa na kikapu na kamba cha kuteremshia dirishani, muuza mboga akipita mwanamke asishuke. Swafiya akampakata mtoto vizuri, akakiteremsha kwa dirisha la ukumbini. Kilipopanda tulikuta mshipi, lakini tukakuta pia kisu cha samaki, kipande cha waya, chupa ya mafuta ya nazi, na pakiti ya mabuyu ambayo hatukuelewa ilikuja kutibu nini.

Bi Rukia akayatazama yote. "Watu wa Kuze," akasema, "hawawezi kukaa wasisaidie."

Nikaupitisha mshipi. Mara ya kwanza uliteleza. Mara ya pili ukanikata kidole, na Swafiya akaingia chumbani bila kujijua, akanifunga kitambaa. Sasa akawa amepiga magoti upande wa pili wa mashine, na hakukumbuka kutoka. Ulowevu ulikuwa umefika kiunoni mwa kanzu.

"Nahitaji mtu ashike ncha ya chini," nikasema. "Mimi nashika ya juu, na mmoja ausukume mlango."

Walitazamana kwa mara ya kwanza, nadhani, tangu asubuhi. Swafiya akamweka mtoto mkekani, akaishika ncha ya chini. Bi Rukia akaweka viganja vyake viwili juu ya kioo, pale pale ulipokuwa mkono wa kanzu, akasukuma.

"Vuta," nikasema.

Tukavuta. Mlango ukaruka, ukampiga Bi Rukia kifuani, akarudi nyuma akaketi. Swafiya akapiga kelele "Mama!" akamdaka mabega.

"IMEFUNGUKA?" kikauliza kichochoro.

"Imefunguka!" akajibu Bi Rukia mwenyewe, kwa sauti iliyotoka dirishani wazi kabisa, kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Halafu nikamsikia Fundi Hamisi akisema, kwa adabu ambayo sikupata kuisikia kwake kabla wala baadaye, "Alhamdulillahi," na wazee wote wakaitikia.

Kanzu ilitoka chini imelowa, juu kavu. Kola, kifua na mkono mmoja vilikuwa vikavu kabisa. Bi Rukia akaipakata, akaweka uso kwenye kola. Alikaa hivyo. Mimi nilijifanya nakunja mshipi. Mshipi ule niliukunja na kuukunjua nikaukunja tena.

Alipoinua uso, macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa imara. Akamnyoshea Swafiya kola. "Nusa."

"Mama, mimi sistahili..."

"Nusa, nakwambia. Ujue ulichotaka kukitia sabuni."

Swafiya akanusa. Nilidhani atanusa kwa adabu, mara moja, arudishe. Aliishika kwa mikono yote miwili akaanza kulia kilio cha mtoto, mabega yanapanda na kushuka. Bi Rukia alishangaa kuliko mimi.

"Wewe walilia nini?"

"Ukoko," Swafiya akasema.

"Ukoko gani?"

"Ukoko wa haluwa. Nilipokuwa na mimba nilikuwa natamani ule ukoko wa chini ya sufuria. Baba akawa ananiletea kila jioni, hata nilipokwisha kujifungua, amefunga kwenye karatasi, ananipitishia mlangoni. Anasema, 'Mjukuu wangu ameagiza.' Tangu afe sijaupata mahali. Nami sikuweza kusema. Wewe ndiwe mjane, mimi ni mwana wa watu tu."

Bi Rukia akamsogelea mkwewe.

"Kila jioni?" akauliza.

"Kila jioni, Mama."

"Mimi," Bi Rukia akasema, akijipiga kifua, "mimi nilikuwa nikimwuliza, 'Bwana, leo hakuna ukoko?' Akinambia, 'Siku hizi sufuria haishiki, mke wangu, nimepata sufuria nzuri.' Nikamwombea dua hiyo sufuria!"

Sikuweza kujizuia, nilicheka. Nikaogopa. Lakini Bi Rukia naye akaanza, kwanza puani, kisha tumboni, na Swafiya katikati ya machozi, mpaka wote wawili wakawa wameshikana juu ya kanzu ile, na sikuweza tena kujua nani anacheka na nani analia. Mtoto alikuwa amefungua pakiti ya mabuyu, amejipaka rangi mpaka masikioni.

Wakati huo mfereji wa nje ukakohoa, ukatema hewa, ukaleta maji. Swafiya akakimbilia mapipa. Bi Rukia hakuifua kanzu. Aliisuuza upindo tu, akaining'iniza kivulini, kola imetazama ndani. Shuka za mtoto zikabaki, na mashine haina kishikio. Basi wakaleta mabeseni mawili, wakaketi kwenye vigoda, wakaanza kufua kwa mkono, mmoja anasugua, mwingine anasuuza. Nilipokuwa nafunga vifaa vyangu nikasikia Bi Rukia akisema, "Sasa nambia. Alikuwa akikupa mkubwa kiasi gani?"

Nilishuka. Fundi Hamisi alikuwa amesimama katikati ya wazee, amejaa kama bwana harusi. Hakunisifu. Alinipokonya bisibisi na kurunzi akavibeba yeye mpaka dukani, na tangu siku hiyo hakunifunga macho tena.

Kishikio kipya kiliagizwa Nairobi. Kilipofika nilikitia mfukoni nikaenda nacho Kuze, mwenyewe, bila mtu barazani. Nilipopanda niliwakuta kwenye mabeseni yao, maneno yanakwenda, nguo zimesahauliwa majini. Swafiya alikuwa anaeleza habari za kwao Lamu, na Bi Rukia anamsahihisha, ingawa hakupata kufika Lamu maishani mwake.

Swafiya alipokwenda kuanika, Bi Rukia akanivuta leso. "Mwanangu, hicho chombo kimekuja?"

"Kimekuja, Mama. Ninacho hapa."

"Basi kirudishe. Huyu msichana akipata mashine yake ataniwekea nguo humo, atakwenda zake jikoni, na mimi nibaki na kuta. Mwambie hakijafika. Nangoja eda ishe kwanza."

Nikasema nimesikia. Nikashuka ngazi. Nilipofika chini nikasikia nyayo nyuma yangu. Swafiya, mikono ina povu.

"Dada Kadzo, nakuomba. Hicho kishikio kisije upesi. Mama siku hizi anakula. Tukifua anaongea, tukishamaliza kufua anakula. Usimwambie nimesema."

Nilirudi dukani nikakiweka kishikio mbele ya Bwana Taibali. Akakishika, akakigeuza, akakitazama kwa juu ya miwani.

"Hakikutoshea?"

"Kinatoshea, Bwana."

"Mashine imeharibika zaidi?"

"Hapana, Bwana. Mashine ni nzima."

"Basi kwa nini hukukifunga?"

Nikamwambia wote wawili wamenikataza, kila mmoja asimwambie mwenziwe. Bwana Taibali alikuwa mtu wa biashara, na nilingoja anikaripie. Lakini naye alikuwa na mama aliyezeeka, na mke. Alifikiri kidogo. Akafungua saraka, akakitia kishikio ndani, akaifunga.

"Wakiuliza," akasema, "mwambie kila mmoja kwamba Nairobi wanachelewa sana."